Mlevi wa nyumbani na mbwa wetu: tunawalindaje bila kuvunja familia?

MLETA UZI

Wakuu, habari za jioni. Naomba huu uzi usigeuzwe uwanja wa matani. Najua ukitaja mlevi na mbwa pamoja watu wanaanza kucheka, ila kwetu si kichekesho.

Nyumbani ni Marangu, Kilimanjaro, kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, alichoacha babu. Wanaoishi pale sasa ni bibi, mdogo wangu wa kike anayesoma sekondari ya kata, na baba mdogo. Mimi nafanya kazi Arusha, narudi mwisho wa wiki nikipata nafasi. Mbwa ni wawili: Simba, dume la ulinzi, na Sera, jike la siku nyingi ambalo bibi alilipokea likiwa hata macho halijafumbua.

Baba mdogo anakunywa. Akiwa hajanywa ni mtu wa watu. Ndiye aliyemlea Simba kwa ugali na vichwa vya samaki, na kupe akiingia sikioni ni yeye pekee Simba anayemruhusu amtoe. Akishakunywa simfahamu. Zamani ilikuwa viroba, zile pombe kali za vifuko, vilipopigwa marufuku Machi 2017 akahamia gongo, pombe kali ya kienyeji. Mchana anaanza na mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, kilabuni, jioni anamalizia na hiyo nyingine.

Yanayonitesa ni haya. Saa tano au sita usiku anarudi, anapiga geti teke, anapayuka. Simba anabweka kama kazi yake ilivyo, naye anaona mbwa "amemdharau", anachukua mpini wa jembe. Simba ana kovu juu ya jicho la kushoto. Tena siku bibi akipika mbege, baba mdogo anachota machicha na kumwagia Simba kwenye sufuria, eti naye afurahi na baba yake. Na mtoto mmoja wa Sera alimpeleka kwa mwenye kilabu kulipia deni, tukaja kusikia kwa majirani.

Bibi anasema mbwa ni mbwa, yeye hagombani na mwanawe. Mdogo wangu ana hofu, usiku anamwingiza Sera chumbani wanalala wote.

Sitaki baba mdogo afukuzwe. Kihamba ni chake pia, na nampenda. Lakini nataka hawa mbwa waishi, na mdogo wangu alale. Aliyepitia haya anisaidie.

MKULIMA WA SIHA

Dada, pole sana. Nimekulia kwenye nyumba ya namna hiyo, marehemu baba yangu alikunywa utoto wangu wote, na mbwa tulikuwa nao.

Neno la kwanza kabla ya mengine: usalama wa mbwa usiufunge kwenye siku ambayo baba mdogo ataacha pombe. Sisi tulikaa tukisubiri hiyo siku. Akiacha tutapumua, akiacha mbwa watapona. Kuacha kwake ni kwake na Mungu wake. Geti, kufuli na sufuria ya mbwa ni vyako, na hivyo unaweza kuvibadilisha Jumamosi hii hii.

Anza na getini. Ukichunguza utaona ugomvi wote unatokea mahali pamoja na saa ile ile: gizani, mtu anayumba, ananuka tofauti, sauti imebadilika, na mbwa amefunguliwa. Mbwa anamjua mtu kwa mwendo, harufu na sauti. Mlevi amebadilisha vyote vitatu. Simba hamdharau mtu, anaona mgeni anavunja geti.

Sisi tulichofanya ni kuwatenganishia njia. Upande wa migombani tulitoboa uzio, tukaweka kimlango cha mbao, baba akawa anapita huko moja kwa moja hadi mlango wa chumba chake bila kukanyaga uwanja. Hatukumtangazia kwamba ni kwa ajili ya mbwa. Kaka yangu alimwambia tu kwamba njia ile ni fupi ukitokea barabarani, na ni kweli ilikuwa fupi. Mbwa tukawahamishia upande wa pili, nyuma ya jiko, karibu na ng'ombe, na katikati tukavuta wavu wa kuku wenye nguzo za mkaratusi. Bado walikuwa wanalinda, maana mwizi wa kwetu anafuata ng'ombe na stoo. Taa ya sola tuliiweka kwenye kile kimlango. Mlevi akiona pa kukanyaga hapigi kelele nyingi, na mbwa akimwona mtu kwa mwanga anamtambua mapema.

Mpini wa jembe, panga, fimbo, vyote viingie stoo kabla ya magharibi na funguo akae nayo bibi au mdogo wako. Hiyo ni kazi ya kila siku kama kukamua.

Halafu nenda kwa mwenye kilabu. Nenda mchana, peke yako au na balozi wa nyumba kumi, umsalimie vizuri, umwambie: mbwa wa pale kwetu ni wa bibi, si wa baba mdogo, ukipokea tena mbwa kama malipo tutaonana kwa mwenyekiti wa kijiji. Wenye vilabu wanaogopa sana kesi zinazowaletea serikali mlangoni, hasa kama na gongo inauzwa uani. Kwetu neno hilo moja lilitosha.

DAKTARI WA MIFUGO, MORO

Habari. Mimi ni daktari wa mifugo, naongelea zaidi upande wa mbwa.

Hilo la machicha lisichukuliwe kirahisi hata kidogo. Mbwa hana uwezo wa mtu wa kuhimili kilevi, na uzito wake ni mdogo. Machicha ya mbege yanaonekana kama chakula tu, ulezi na ndizi, lakini bado yana kilevi ndani, na yakiwa mabichi yanaendelea kuchachuka tumboni. Dalili huanza mara nyingi ndani ya saa moja: anatapika, anayumba miguu ya nyuma, analegea, anakojoa bila kujua, mwili unapoa. Sukari ya damu inashuka, pumzi inakuwa ya polepole, anaweza kupata degedege na kufa. Mtoto wa mbwa na mbwa mdogo wa mwili hufa haraka zaidi.

Ukimkuta hivyo, ondoa kilichobaki, mlaze kwa ubavu mahali pakavu, mfunike blanketi. Kama bado ana fahamu na anaweza kumeza, mpake asali au maji ya sukari kidogo kwenye fizi. Kisha mpeleke kwa daktari. Usimlazimishe kutapika. Na naomba sana, USIMMIMINIE MAZIWA WALA MAFUTA YA KULA mdomoni. Hii nimeiona mno: mbwa amelegea, familia inamshika kichwa juu, inammiminia nusu chupa ya mafuta kwa imani kwamba inaua sumu. Mafuta yanaingia mapafuni, na mbwa ambaye angeamka kesho yake anakufa kwa mapafu.

Siku ya kupika mbege, machicha yatoke moja kwa moja kwenye chujio kwenda kwenye ndoo yenye mfuniko, na ndoo itoke uwanjani. Usimwachie mtu kazi ya kukumbuka baadaye.

Jambo la pili ni mnyororo. Watu wengi wakishaona mlevi na mbwa hawaelewani wanamfunga mbwa. Mbwa aliyefungwa hawezi kukimbia, na mbwa asiyeweza kukimbia amebakiwa na meno tu. Bora banda lenye mlango, lenye kivuli na maji, ambalo mtu aliyeyumba hawezi kuliegemea akaingiza mkono. Mbao zisimame karibu karibu upande unaoelekea njia.

Na Simba akimwungurumia baba mdogo, asipigwe na yeyote. Kuunguruma ni onyo. Mbwa aliyefundishwa kwa fimbo kwamba asiungurume ndiye anayeuma bila kutoa taarifa. Afadhali mjue dalili za kabla ya hapo: masikio yamelala nyuma, mkia umeingia chini ya tumbo, anajilamba mdomo wakati hakuna chakula, anageuza uso huku macho yakionyesha weupe. Ukiona hivyo muite mbwa aje kwako. Usimsukume mtu, muite mbwa.

Sasa Sera chumbani kwa binti. Naelewa kwa nini, na Sera anampa amani. Lakini chumba kidogo, mlango usiofungwa, mtu mlevi akiingia na kuinama juu ya kitanda, mbwa hana pa kutokea. Anaweza kumuuma baba mdogo, anaweza kumuuma hata binti kwa taharuki. Komeo la ndani ni lazima. Likishawekwa, Sera alale humo bila wasiwasi.

MPITA NJIA 77

Hivi kweli nchi ina watu hawajala halafu tunajadili mbwa? Uza hao mbwa, maisha yaendelee. Au wape sumu kabla mlevi hajawaua.

MKULIMA WA SIHA

Ndugu, soma vizuri. Kwenye hiyo nyumba kuna bibi mzee na binti wa shule wanaoishi na mtu anayechukua mpini usiku. Leo anampiga mbwa. Ukiondoa mbwa, mpini bado upo na mtu bado anakuja saa sita. Nyumba nyingi kilichoanza kwa mbwa kilihamia kwa mama au kwa mtoto. Anayeuliza habari za mbwa anauliza habari za nyumba nzima.

Na sumu ni kosa. Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, na ukatili kwa mnyama ni kosa hata kama mnyama ni wako.

UPEPO WA TANGA

Huku kwetu tulio wengi Waislamu, mbwa halali ndani, anafugwa nje kwa ulinzi na wenye mashamba. Ila sote tumefundishwa chuoni habari ya yule aliyeshuka kisimani, akamchotea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Kumtesa kiumbe kwa ulevi ni dhambi juu ya dhambi. Dada, bibi yako mwambie hivyo kwa lugha ya dini yake, wazee husikia zaidi kwa njia hiyo.

KIJANA WA KIAMBU

Niaje watu wa TZ. Huku kwetu Kiambu ni chang'aa na zile pombe za bei ya chini, hadithi ni ile ile. Nataka kusema juu ya kitu kimoja hakijatajwa bado: siku mbwa atauma.

Mjomba wangu alikuja amelewa, akakanyaga mbwa wetu akiwa amelala mlangoni, akaumwa kwenye mguu. Asubuhi majirani wakakuja na mawe, mbwa akauawa na akazikwa shambani saa hiyo hiyo. Mjomba mwenyewe hakwenda hospitali, alifunga kitambaa akarudi kulewa. Baadaye nyanya akauliza kama mbwa alikuwa amechanjwa. Kadi haikuonekana, na mbwa ameshazikwa. Tulibaki na wasiwasi hadi mjomba akakubali kudungwa sindano. Kubembeleza mlevi arudi kliniki kila tarehe ni kazi ya familia nzima. Cousin wangu alikuwa anampeleka na bodaboda asubuhi mapema kabla hajaonja kitu.

DAKTARI WA MIFUGO, MORO

Asante Kiambu, umegusa penyewe. Karibu vifo vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu vinatokana na kuumwa na mbwa, na dalili zikishaanza mgonjwa haponi. Kwa hiyo andikeni mahali:

Jeraha lioshwe hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 nzima. Mlevi atakataa, atasema si kitu, mkalisheni kwenye kigoda mumwoshe. Kisha hospitali, hata kama mbwa ni wa nyumbani. Watakaoamua habari ya sindano ni wao, na akianzishiwa ratiba asiikatishe.

Mbwa ASIUAWE. Afungiwe bandani, apewe chakula na maji, aangaliwe siku 10. Kama alikuwa na virusi kwenye mate siku anauma, ndani ya siku hizo ataonyesha ugonjwa au atakufa. Akiwa mzima baada ya siku 10, mmepata jibu ambalo hakuna kipimo cha kijijini kitakachowapa. Mkimuua na kumzika siku ya kwanza, jibu mmelizika naye.

Mleta uzi, Simba na Sera wachanjwe kabla ya mambo mengine yote, halafu kila mwaka. Ofisi ya mifugo ya kata ikutajie siku za kampeni, nyingi hufanyika karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Kadi zao ukae nazo wewe Arusha na picha yake awe nayo mdogo wako kwenye simu. Kadi ikibaki kabatini pale nyumbani itapotea.

MLETA UZI

Nimesoma yote, asanteni mno. Kadi ya Simba ipo, ya Sera ilishaisha muda, nitashughulikia.

Nina swali. Mwezi uliopita baba mdogo alisema anaacha. Aliacha ghafla, siku ya pili akaanza kutetemeka, anatokwa jasho, anasema kuna watu migombani. Bibi akampa mbege kidogo "atulie", akatulia, na tukarudi tulipokuwa. Sasa mimi nilimlaumu bibi. Je nilikosea?

MUUGUZI WA ZAMU

Dada, usimlaumu bibi, na usilaumu nafsi yako. Bibi aliona kitu cha hatari na akatumia alichokuwa nacho.

Mtu aliyekunywa sana kwa miaka mingi akikata ghafla, mwili unaweza kumgeuka. Degedege mara nyingi huja kati ya saa 6 na 48 tangu alipokunywa mara ya mwisho. Kuona watu wasiokuwepo, kuchanganyikiwa, homa, moyo kwenda mbio, hivyo huja zaidi siku ya pili hadi ya nne, na vinaua. Kwa hiyo akisema anaacha, msimfungie chumbani na Biblia na ndoo ya maji. Mpelekeni hospitali, mseme wazi anakunywa nini na kiasi gani. Kuna dawa za kumvusha salama na vitamini B1 anayohitaji. Kwa upande wenu mna hospitali za Mawenzi na KCMC pale Moshi, si mbali.

Na siku hizo mbwa wasiwe karibu naye. Mtu anayeona watu migombani anaweza kumwona mbwa kama jambazi. Na mbwa akimwona mtu anaanguka na kutetemeka anaweza kuchanganyikiwa, wengine hulamba, wengine huuma.

Akishatoka hospitali ndipo maneno ya kuacha yana maana. Mikutano ya AA, ya walevi wanaosaidiana kuacha, ipo Tanzania. Ninyi familia nanyi mna wa kwenu, Al-Anon, ipo tangu 1951 kwa ajili ya ndugu na wake wa walevi, na kwa simu unaweza kusikiliza ukiwa Arusha. Utakachosikia huko kitakusaidia na bibi: hamkumsababishia ulevi, na hamuwezi kumnyoosha kwa kugombana naye saa sita usiku.

Kwa mdogo wako: kama siku moja mpini utamgeukia yeye, namba 116 ni ya watoto, haitozi, na polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Azijue kichwani.

MKULIMA WA SIHA

Naongeza moja. Ongea naye asubuhi, kabla hajatoka. Usimkalishe kikao cha ukoo, atajihami. Kaa naye huku anafanya kitu. Mimi nilimwambia baba tukiwa tunakata majani ya ng'ombe: "Baba, jana usiku ulimpiga Popi. Anakuogopa, na yeye ni mbwa wako." Nikanyamaza. Hakujibu kitu, ila jioni ile alipita kimlango cha migombani. Hakuacha pombe kwa neno lile, asikudanganye mtu. Lakini njia aliishika.

MLETA UZI

Wakuu, mrejesho.

Nimerudi Marangu Ijumaa. Asubuhi ya Jumamosi nilimkuta baba mdogo anamsugua Simba kupe, nikaamkia, "Shikamoo baba mdogo," akaitika, "Marahaba mama, umefika saa ngapi?" Nikaona hapo ndipo pa kusemea. Nilimwonyesha lile kovu juu ya jicho. Aliliangalia muda mrefu, akapitisha kidole. Akaniuliza, "Ni mimi?" Nikasema ndiyo. Hakumbuki. Nilidhani anajifanya, lakini mkono ulikuwa unamtetemeka na hakuwa anatafuta maneno.

Nikamwambia habari ya kimlango. Akasema atachimba mashimo ya nguzo mwenyewe, na akayachimba, manne, kabla ya saa sita mchana. Baada ya hapo akaenda kilabuni kama kawaida.

Komeo la chumba cha mdogo wangu fundi ameliweka. Machicha bibi amekubali yaende kwa nguruwe wa jirani siku hiyo hiyo, na jirani ameshaleta ndoo yake. Kwa mwenye kilabu nilikwenda na balozi. Amesema yule mtoto wa Sera yupo kwa shemeji yake Mwika, mzima, na anamrudisha tukilipa alichodai. Deni lilikuwa elfu nane. Nimelipa.

Hospitali baba mdogo hajakubali bado. Amesema tuongee baada ya mavuno ya kahawa. Muuguzi, nitakutafuta faragha unielekeze nianzie dirisha gani Mawenzi, ili akisema ndiyo, tusipoteze asubuhi hiyo kwenye foleni.